Uzito wa Wegesa

Siku ya Sabasaba mwaka 1975, saa nne asubuhi, Mwalimu Hezekia alichora mstari wa chokaa katikati ya uwanja wa shule, akalaza juu yake kamba ndefu ya katani. Kijiji kilikuwa kipya, nusu siku kwa mguu kutoka Kisaka. Upande mmoja wa kamba walisimama mgambo kumi. Upande wa pili walitakiwa wanakijiji kumi, lakini mkuu wa mgambo alikuwa Nikodemo, na hakuna aliyetaka Nikodemo aikumbuke sura yake. Alijitokeza Wegesa peke yake, mjane wa miaka hamsini na mitano, mwembamba, mwenye kikohozi.

Nikodemo ndiye aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba yake wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Wegesa aliambiwa kwamba shamba lake la mtoni sasa ni la kijiji, akapewa kiwanja kando ya barabara, chenye mawe mengi kuliko udongo. Mvua ziliponyesha, shamba la mtoni lililimwa na Nikodemo kwa ajili ya Nikodemo. Kila aliyekwenda kuchota maji aliliona hilo.

"Mama, uko peke yako," Mwalimu alisema. "Nitaandika kwamba wameshinda."

"Usiandike, mwalimu. Nitavuta."

Watu walicheka. Kisha Agustina, jirani yake, akapaza sauti: "Vuta, mama!" Wengine wakaitikia. Mzee mmoja, ambaye ng'ombe wake walichukuliwa kwa ajili ya zizi la kijiji wakaja kuonekana kwa mwenyekiti, alipiga kelele mpaka kofia ikamdondoka. Mwanamke aliyejifungulia juu ya lori siku ya kuhamishwa alipiga kelele. Walimwita Wegesa kwa jina lake na kwa jina la baba yake.

Kadiri walivyoshangilia, ndivyo Wegesa alivyozidi kuwa mzito. Nyayo zake zilizama ardhini hadi vifundoni, kisha hadi magotini. Hakuvuta kwa nguvu. Alirudi nyuma hatua moja moja, kama mtu anayefagia ua, na kila hatua iliacha shimo. Mgambo walivuka mstari mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Nikodemo, aliyevuka kwa tumbo.

Wanaume sita walitaka kumbeba Wegesa juu juu, wakashindwa. Wakamwongoza hadi kwenye mizani ya ghala, ikafika kilo mia tano, ikakwama. Uzito ulimtoka taratibu watu walipotawanyika kwenda kunywa pombe. Jioni alikuwa Wegesa wa kawaida, akasonga ugali. Kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe, alilala usingizi mzito. Aliamini shamba limerudi.

Alhamisi ulifanyika mkutano wa kijiji. Watu walikuwa walewale. Wegesa alivaa gauni lake la kanisani.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "naomba shamba langu la mtoni. Mahindi yaliyomo si ya kijiji. Wote hapa wanajua ni ya nani."

Mwenyekiti, mzee Heche, aliuliza kama yupo anayemuunga mkono. Nikodemo alikuwa ameketi pembeni yake, daftari gotini, kalamu mkononi.

Mzee wa ng'ombe alikichunguza kidole gumba cha mguu wake. Mwanamke wa lori alimnyonyesha mtoto ambaye alikuwa ameshashiba.

Wegesa aliwatazama mmoja mmoja. Akawa mwepesi kama ganda la hindi. Miguu yake iliachana na ardhi, na upepo mdogo ukamwinua hadi usawa wa dirisha la ofisi. Mwenyekiti akasema hoja haikuungwa mkono, waendelee na suala la choo cha shule. Agustina alimshika upindo wa gauni, akamshusha, akampa jiwe alipakate.

Walirudi pamoja.

"Jumatatu sauti yako ndiyo ilikuwa ya kwanza," Wegesa alisema.

Agustina alilia. "Uwanjani hakuna aliyekuwa anaandika majina, mama. Halafu ilikuwa tamu. Niliona kama ni mimi ninayemburuta yule mtu."

"Hukumburuta wewe. Nilimburuta mimi. Nyinyi mmekwenda nyumbani na utamu wenu, mimi nimerudi kwenye mawe."

Sabasaba iliyofuata uwanja ulijaa. Wapo waliotembea siku mbili kutoka Susuni ili kumwona. Wegesa alishika kamba, akawageukia.

"Siku ya mkutano nani atasema?"

"Vuta, mama!"

"Nimeuliza, nani atasema?"

"Vuta!"

Kelele zilikuwa zimeshamzamisha hadi vifundoni. Aliitupa kamba, akauchomoa mguu mmoja, kisha mwingine, akaenda zake nyumbani.

Watu walikasirika. Walisema amekuwa na maringo, amewaharibia sikukuu, hana hata shukrani kwa wageni. Kisha mmoja akamwona Joram, mzee wa mkono mmoja, ambaye mwezi wa tatu mwenyekiti alikuwa amemnyang'anya kiwanja. Walimsukuma hadi kwenye kamba. Walimshangilia mpaka sauti zikawakauka, na kabla ya saa sita alikuwa amezama hadi kiunoni, na mgambo wote kumi walikuwa wamevuka mstari.

Nikodemo alijipangusa chokaa, akampongeza Joram kwa kumshika mkono, kisha akateremka mtoni kuvuna mahindi.