Flashi Isiyo na Barua

Mume wangu Isihaka ni mjumbe wa nyumba kumi hapa Kasulu, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuna mgeni aliyelala mtaani kwetu bila jina lake kuingia kwenye daftari lake. Shemeji yangu alikuja kwa mazishi akaambiwa aonyeshe barua ya mjumbe wa kwao kabla ya kupewa maji ya kunawa. Nimeolewa na mtu huyo kwa hiari yangu, simlaumu mtu.

Mwaka 2014 binti yetu Firdausi alihamishiwa kazi Mwanza, akatuachia kompyuta yake. Tukaiweka sebuleni, tukaifunika kitambaa. Kabla ya kupanda basi alituambia neno moja: "Msichomeke flashi ya mtu yeyote bila kuipekua. Virusi huingia kwa njia hiyo, na mafaili ya bibi yamo humo."

Mafaili ya bibi ni faili moja tu, sauti ya mama yangu, dakika kumi na moja. Firdausi alimrekodi kijijini kwao Kitanga, mwezi mmoja kabla hajafariki. Sina picha ya mama iliyo nzuri, na kaburi lake liko mbali. Nina hizo dakika kumi na moja. Kila Ijumaa nikishafua huwa naketi nazisikiliza. Isihaka hakuwahi kuketi nami, alisema sauti ya marehemu inampandisha presha.

Firdausi aliposema kupekua, alikuwa na maana ya ile programu ya kuua virusi. Baba yake alisikia kazi yake mwenyewe. Kesho yake akafungua daftari jipya: jina la flashi, inatoka wapi, imefuata nini, italala au inaondoka leo. Na barua ya utambulisho kutoka kwa mjumbe wa inakotoka, yenye muhuri.

Nilidhani watu watacheka wasirudi. Walileta barua. Bazilio, mwalimu wa kwaya, alikuja na nyimbo zake, akarudishwa, akaja tena na karatasi ya mjumbe wake: "Flashi hii ni nyeusi, ina umri wa miaka miwili, tunaishi nayo vizuri, haijawahi kuwa na kosa." Isihaka aliisoma kwa sauti, akasema hivi ndivyo barua inavyoandikwa. Nurudini wa Rungwe Mpya alileta flashi aliyoazima. Ilikataliwa kwa sababu mwenye flashi alikuwa anatoka mtaa mwingine, na haiwezekani kitu kiwe na makazi mawili.

Kuandika kwa mkono kukamchosha. Akajifunza kuchapa kwa kidole kimoja, akatengeneza "Fomu ya Wageni", akaiweka kwenye flashi yake na kwenda nayo Kibondo, alikokuwa na harusi ya mpwa wake. Huko akaichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri moja iliyochomekwa flashi za wilaya nzima, akachapisha fomu mia. Aliporudi akakuta kasahau nafasi ya saini. Akachomeka flashi ile ile nyumbani ili arekebishe.

"Na barua yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Mwenyeji habishi hodi kwake, Mama Firdausi."

Ijumaa hiyo nikaketi kumsikiliza mama. Mafolda yote yalikuwa yameota kishale kidogo pembeni. Nikabonyeza la mama, halikufunguka. Nikabonyeza tena na tena mpaka kidole kikauma, kisha nikalia kama siku ya msiba wenyewe.

Jumamosi asubuhi nikamwita Claude, anayetengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Wazazi wake walikuja wakikimbia kutoka Burundi, yeye kazaliwa huku huku. Alikuja na dawa yenyewe, programu mpya ya kuua virusi, ndani ya flashi nyekundu. Isihaka akamsimamisha barazani.

"Barua?"

"Mzee, hii ndiyo inayofukuza hao unaowaogopa."

"Kila anayekuja husema hivyo. Barua."

Claude akacheka kidogo, bila furaha. "Mzee wangu, tangu nizaliwe naombwa barua. Sasa hata flashi yangu?" Akaiacha akaondoka. Isihaka akaiweka kwenye kopo la sukari juu ya meza ya barazani, akaandika daftarini kwamba iko chini ya uangalizi.

Ikakaa humo siku tatu. Siku ya tatu nilishindwa. Nikamwambia, "Mama yangu amefungiwa humo ndani, na dawa umeifungia kwenye kopo. Una akili wewe?" Akanijibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Nikaenda kwenye mtoto wa meza, nikachukua karatasi na muhuri wake, nikaandika: "Flashi hii nyekundu naifahamu, inakaa kwa Claude, ina tabia njema." Nikagonga muhuri. Nikampelekea.

Aliisoma mara mbili. Akautazama muhuri, ukamtazama. Kuukataa ni kujikataa mwenyewe. Akasema, "Iingie."

Claude alikuja tena bila kinyongo. Akasafisha kompyuta, kisha akaomba flashi zote za nyumbani. Isihaka akampa yake kwa mkono wa mbali. Claude akaipekua, akageuza kioo tuone sote. Kirusi kilikuwa kimejificha kando ya Fomu ya Wageni.

"Mzee, kirusi hakiulizwi kinatoka wapi," Claude alisema taratibu. "Kila flashi inapekuliwa, yako kwanza. Mafaili hayajafa, yamefichwa tu."

Akaandika maneno machache, vishale vikaondoka, folda la mama likafunguka. Nikamwambia Isihaka safari hii atakaa asikilize, presha au si presha. Akakaa. Nilijua kinachokuja dakika ya saba, sikumwambia.

Mama alikuwa akimjibu Firdausi kwa Kiha, kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Baba yako? Alikuja na furushi la kanga kichwani, mvua inapiga. Simjui, hana barua ya mtu yeyote. Alisema anatoka Ujiji. Nikamwambia ingia, kaa karibu na moto, jina utaniambia ukishakula."

Tukasikiliza mpaka dakika ya kumi na moja. Kisha Isihaka akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya na kuandika polepole, nami nikasoma begani kwake: "Isihaka. Anatoka Ujiji. Hana barua. Alipokewa."

Akamwomba Claude arudishe nyuma, aanzie pale penye mvua.