Ujumbe wa Onyesho la Ijumaa

Kwa miaka kumi na moja fundi cherehani na mdogo wake muuguzi walikuwa wakienda pamoja kutazama baleti, kila kundi la wachezaji lilipopita mjini. Walikuwa chanda na pete. Fundi ndiye aliyemfundisha mdogo wake kutazama: wapi mchezaji atasimama juu ya ncha za vidole, wapi malkia atakufa, wapi watu wapige makofi. Yeye mwenyewe macho yake hayakubanduka kwenye nguo. Alijua sketi ya mchezaji ina tabaka ngapi za kitambaa cha wavu, na wakirudi nyumbani alimsimulia mdogo wake mishono mpaka chai ikapoa.

Kisha jirani na muuguzi akahamia mwalimu wa hesabu, mwanamke mcheshi aliyependa dansi za kisasa, zile za miguu mitupu. Siku moja akamchukua muuguzi wakaenda wote. Muuguzi alirudi kimya, na wiki iliyofuata akaenda tena.

Fundi alisema ile si dansi. Watu wanatambaa sakafuni kama wamedondosha sindano, na muziki wenyewe ni mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu alipofikishiwa maneno hayo alicheka, akajibu kwamba baleti ni nzuri, ila wachezaji wake hawachoki, na yeye hajapata kukutana na mtu asiyechoka. Jibu hilo lilimuudhi fundi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mdogo wake alilileta huku akitabasamu.

Ndipo alipowafuata. Alikata tiketi kimyakimya, akakaa safu nne nyuma yao, na badala ya jukwaa akatazama visogo viwili. Katikati ya dansi mdogo wake alifuta machozi kwa kiganja, na mwalimu akampa leso bila hata kugeuka. Malkia wangapi walikuwa wamekufa mbele yao miaka yote ile, na mdogo mtu hakuwahi kutoa chozi? Fundi aliondoka kabla taa hazijawashwa.

Alhamisi iliyofuata mwalimu alipita dukani mbiombio. Onyesho la mwisho la kundi lile la dansi za kisasa lilikuwa limehamishwa kutoka Jumamosi hadi Ijumaa, saa kumi alasiri. Yeye mwenyewe alikuwa anasafiri na wanafunzi, na muuguzi alikuwa zamu, simu ameizima. Akamwomba fundi amfikishie habari.

"Nitamwambia," fundi alisema, pini zikiwa mdomoni.

Jioni ile mdogo wake alikuja, wakala, wakazungumza habari za wodini. Maneno yalifika kwenye ncha ya ulimi wa fundi, akayameza. Alijiambia atasema asubuhi. Asubuhi ikapita. Ijumaa hiyo aliharibu kitambaa cha mteja mara mbili, na ilipofika saa kumi aliketi akautazama ukuta.

Jumamosi muuguzi aliingia dukani amevaa gauni lake zuri. Alikuwa amekuta ukumbi umefungwa, na mlinzi akamwambia wachezaji wameshaondoka. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. Alisema mwalimu akirudi atamuuliza kwa nini hakumpa habari.

Fundi akazima cherehani. "Aliniambia mimi nikwambie."

"Ukasahau?"

"Sikusahau."

Muuguzi akajishusha kwenye kiti cha wateja. "Kwa nini, dada?"

"Ulilia ukiwa naye. Nilikuwa nyuma yenu, nilikuona."

Muuguzi akaeleza. Siku ile mchezaji mmoja alikuwa anamwinua mwenzake aliyelegea. Alishindwa, akapitisha mkono chini ya kwapa, akajaribu tena. "Hivyo ndivyo ninavyowainua wagonjwa. Sijawahi kuona mtu akiicheza kazi yangu. Kwenye baleti nimekuwa nikitazama kazi yako, dada. Niliifurahia. Lakini ni yako."

Akatoka, na kwa wiki tatu hakukanyaga dukani.

Baleti ilipokuja, fundi alikwenda peke yake. Malkia akafa, watu wakapiga makofi, naye hakuwa na wa kumnong'oneza. Kesho yake alimfuata mwalimu akamweleza yote kwa mdomo wake. Mwalimu hakutania. Alisema tu, "Ungeniambia unataka kuja, ningekukatia na wewe." Fundi aliona afadhali angetukanwa.

Huenda mwalimu ndiye aliyepeleka maneno, maana Ijumaa mdogo wake alipiga simu. Jumapili mchana kulikuwa na dansi ya kundi jingine, aje kama anataka.

Walikaa watatu, muuguzi katikati. Fundi hakuipenda. Kila wale wawili walipoinama mbele kwa pamoja, kijicho kilimchoma upya, naye akang'ang'ania mkoba wake.

Watu walipoanza kutoka, mdogo wake akamuuliza ameionaje.

"Sijaipenda," fundi akasema. "Na wivu bado ninao."

"Najua," muuguzi akasema, akamshika mkono, wakashuka ngazi pamoja.