Mlango Unaotazama Barabara

Mtaro ulipita hatua tatu kutoka kizingiti cha Swaumu, kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni. Alisimama mlangoni na sufuria ya uji. Lori la tumbaku kutoka Sikonge lilipunguza mwendo, dereva akauona mtaro, akakanyaga mafuta akapita zake. Hilo lilikuwa la nne asubuhi ile, na uji ulikuwa unapoa.

Miaka miwili nyuma alikuwa na nyumba porini, karibu na mizinga yake ya nyuki. Watu wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini wakaja wakaivunja. Hamia barabarani, walimwambia, barabara ndiyo maendeleo. Haya, akahamia Itetemia. Akafyatua tofali za udongo kwa mikono yake, akauelekeza mlango barabarani kama alivyofanya babu yake aliyekuwa mpagazi, na nje akaweka mtungi wa maji kwa mpita njia yeyote. Madereva wakazoea: maji ya bure kwanza, kisha uji na asali ya kununua. Akala, akavaa. Sasa malori yameongezeka, barabara inapanuliwa, na mlango wake umegeuka kosa.

Katibu wa kijiji, Anton, alikuja na Jilala, msimamizi wa vibarua wa mtaro.

"Shikamoo, mama," Jilala alisema, macho chini.

"Marahaba. Kivuko changu kiko wapi?"

"Ndugu Swaumu," Katibu alidakia, "magari ni mengi. Kila mlango ukitokea barabarani, watu watagongwa. Wananchi wamewekewa kivuko kimoja, kinatosha."

"Kiko mbele ya duka la mkeo. Dereva akishakunywa chai ya mkeo, kwangu atafuata nini?"

Katibu alikunjua karatasi. "Hii ni amri. Wewe tokea nyuma."

"Nyuma! Mlinitoa huko nyuma porini kwa nguvu, nyumba yangu mkaivunja. Wanasema mwenye nguvu mpishe. Mimi nimeshapisha mara moja, Katibu. Sipishi tena."

Walipoondoka alichukua jembe, akaubomoa ukuta wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe. Tofali akazitupa mtaroni, akashindilia kwa miguu mpaka kukawa na njia ya mtu mmoja. Kesho yake malori mawili yalisimama, naye akacheka kwa sauti, Katibu asikie.

Siku ya tatu Jilala alitumwa na vibarua wake kuzoa tofali zile mtaroni.

"Nisamehe, mama."

"Zoa, mwanangu. Nawe una kazi yako, nami nina yangu."

Akabomoa ukuta wa pili. Wakazoa. Akabomoa wa tatu.

Mvua za kwanza zilikuta paa la nyasi juu ya nguzo, kitanda kikilowa, na mlango umesimama peke yake kwenye fremu. Mtaroni vibarua walikuwa wanazoa tope la ukuta wa mwisho. Swaumu aliwasubiri wamalize. Kisha akaung'oa mlango, akaulaza juu ya mtaro, akasimama katikati yake na upawa wa uji mkononi. Kwa mbali, lori lilikuwa linakuja.