Chakula cha Halla

Irja Tolvanen alisimama mbele ya rafu ya vyakula vya mbwa muda mrefu hata mwenye duka akadhani amejisikia vibaya. Hakuwa mgonjwa, alikuwa anasoma. Mkononi alishika kioo cha kukuzia, na kwa kioo hicho alipitia mfuko mmoja baada ya mwingine, upande wa nyuma, palipo na maandishi madogo. Ngano. Ngano tena. Mahindi. Unga wa shayiri. Mfuko mmoja ulichorwa mbele kipande kikubwa cha nyama kinachofuka mvuke. Nyuma, nyama ilitajwa ya nne, baada ya nafaka za kila aina.

"Unatafuta nini, mama?" aliuliza mwenye duka, jina lake Jarmo.

"Natafuta usichokuwa nacho."

"Mbona hujaniuliza bado."

"Chakula cha mbwa kisicho na nafaka. Hata punje."

Jarmo alinyoosha mkono hadi rafu ya juu kabisa, akateremsha mfuko mdogo wa bluu na kuupangusa vumbi kwa kiganja. "Huu hauna nafaka. Samoni na viazi."

Irja aliangalia bei. "Hauna nafaka, na bei yake haina huruma."

"Sikuipanga mimi."

"Najua. Ungeipanga wewe ningekwambia."

Lilikuwa duka la tatu wiki ile. Huko alikotoka mambo yalikuwa yale yale: cha bei nafuu kina nafaka, kisicho na nafaka kimewekwa juu ambako mkono wa mstaafu haufiki. Aliununua ule mfuko wa bluu, akauweka kiti cha mbele cha gari, akaendesha polepole kurudi kijijini, maana barabara ilikuwa imeanza kuganda.

Halla alikuwa mbwa wa kuwindia hirvi, yule kulungu wa misitu ya huku anayemzidi farasi kwa kimo. Alikuwa wa Onni, mume wa Irja. Onni alipofariki, bunduki zilichukuliwa na mtoto wao Jouko, mashua ikauzwa, mbwa akabaki. Sasa alikuwa mzee, rangi ya majivu, na tangu kiangazi ngozi ya tumbo na makwapa yake ilikuwa nyekundu, imechubuka, yenye maji maji. Alijikuna mchana, akajikuna usiku. Kucha zake zilipiga mbao za sakafu tak, tak, tak, na Irja alilala akizisikia kama mtu anayelala kando ya karakana.

Daktari wa wanyama, dada mmoja mpole aitwaye Oona Sirkiä, siku chache kabla alikuwa ameuliza mbwa anakula nini. Irja alimjibu kwa uaminifu, bila kuficha kitu: chakula kikavu cha mfuko mkubwa, uji wa shayiri siku za baridi, vichwa vya samaki, viazi vilivyobaki. Daktari akaandika vyote.

"Mara nyingine tatizo huwa nyama, mara nyingine vumbi," alisema. "Lakini huyu amekula nafaka maisha yake yote. Tuanzie hapo. Wiki nane bila nafaka, hata chembe. Asipopata nafuu, kuna dawa, ila ni nzito kwa mbwa wa umri huu. Au itabidi tuzungumze mambo mengine."

Irja hakuuliza mambo mengine ni yapi. Usiku ule alimwambia Jouko kwenye simu kwamba kama vidonda havitakuwa vimefunga kabla ya Krismasi, atampeleka Halla akapumzishwe kwa sindano ya mwisho. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia kubadilisha matairi. Jouko akasema ni uamuzi wa busara, mama. Irja akatamani asingeliafiki upesi hivyo.

Basi akaanza kazi. Mfuko wa bluu peke yake usingemaliza wiki mbili, hivyo aliuchanganya. Alichemsha viazi, akavimenya, akaviponda. Alitoa kwenye friza samaki wadogo wa ziwani aliokuwa amejiwekea yeye mwenyewe kwa majira ya baridi, akawachemsha, akawachambua miiba. Juu yake alinyunyiza konzi moja ya mfuko wa bluu. Chungu cha uji alikiosha kwa maji ya moto ili kisiache hata ukungu. Yeye mwenyewe akawa anakula uji, kwa kuwa samaki walikuwa wa mbwa.

Karibu kila adhuhuri jirani yake Taisto Räsänen alifika kwa kahawa. Taisto alikuwa mjane pia, mrefu, mgumu wa maneno, mmoja wa wazee wa kikundi cha wawindaji. Alivua viatu mlangoni, akaketi mahali pake, akasubiri birika.

"Leo mheshimiwa amekula nini?" aliuliza akimtazama Halla.

"Samaki na viazi."

"Na wewe?"

"Uji."

"Mh." Taisto akakoroga kahawa. "Mbwa wa baba yangu alikula maganda ya viazi, na alipoyakosa alikula mlango."

"Aliishi miaka mingapi?"

"Mpaka mlango ulipokwisha."

Irja alicheka kwa pua tu. Alikuwa amechoka. Alikata mkate wa iliki, ule mtamu uliosukwa kama nywele, akaweka vipande mezani kama ilivyo desturi, kwa sababu kahawa bila mkate ni maji meusi. Walikunywa. Walizungumza kidogo juu ya theluji. Kisha Taisto akashukuru, akavaa viatu, akaondoka.

Wiki zilipita hivyo. Mfuko wa bluu ukaisha, ukanunuliwa mwingine, na huo nao ukafika nusu. Halla alinenepa kidogo, manyoya ya mgongo yakang'aa, lakini tumboni palibaki vile vile. Tak, tak, tak. Irja alimkagua kila asubuhi chini ya taa ya jikoni, akiinua mguu mmoja kisha mwingine. Kila asubuhi alijiambia huenda pamepungua wekundu. Mwishowe akaacha kujiambia. Alimpigia daktari simu akaomba siku, wakampa Alhamisi kabla ya Krismasi.

Siku hiyo hiyo Taisto alipokuja, Irja alimimina kahawa na kumwambia bila kumtazama.

"Nimechukua siku. Alhamisi ile."

Taisto aliacha kukoroga kahawa. Aliangalia dirishani, akaangalia kikombe chake. Irja naye akanywa, akachovya mwisho wa kipande chake cha mkate kwenye kahawa iliyobaki kisahanini, na mkono wake ukashuka chini ya meza.

"Irja," alisema Taisto taratibu. "Hicho ulichoshika, hakina nafaka?"

Mkono wa Irja ulisimama hewani. Chini ya meza pua ya Halla ilikuwa imekwisha kufika, yenye unyevu, inayosubiri bila haraka, kama mtu anayesubiri basi ambalo halijawahi kuchelewa. Irja alitazama kile kipande kilicholowa kahawa. Alikitazama kama vile kiliwekwa mkononi mwake na mtu mwingine.

Miaka yote alifanya hivyo. Onni alifanya hivyo, na mama yake Irja alifanya hivyo kwa mbwa aliyekuwako kabla. Kipande cha mwisho ni cha mbwa. Daktari alipouliza mbwa anakula nini, jambo hili halikumjia kabisa akilini, wala asingelificha. Lakini huo haukuwa mlo. Ilikuwa ni kahawa tu.

Alikirudisha kipande kisahanini.

"Umeliona hili tangu lini?"

"Tangu mfuko wa bluu wa kwanza."

"Na hukusema."

"Nyumba si yangu."

"Taisto. Nimekula uji tangu Oktoba."

"Nilidhani unajua. Nilidhani labda kidogo kinaruhusiwa." Alisugua shingo. "Halafu uliposema Alhamisi, nikaona bora nikose adabu."

Irja alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inahitaji nguvu, na yeye hakuwa nazo. Aliketi mikono ikiwa mapajani. Halla, asiyeelewa kilichochelewesha basi, aliweka kidevu juu ya goti lake.

Jioni alimpigia daktari simu. "Nimekosea," alisema, akaeleza. Oona Sirkiä hakumlaumu. Alisema kila nyumba ina kitu chake inachosahau. Kuna mtu alisahau jibini, mwingine alisahau bibi anayemlisha mbwa kisirisiri. Basi ile Alhamisi waifute, waanze upya kuhesabu, wiki nane. Irja aliposikia wiki nane tena, aliegemea ukuta.

Ule mfuko ulikuwa umebaki nusu na samaki kwenye friza walikuwa wamekwisha. Kununua mwingine na mwingine hadi mwisho wa majira ya baridi, hilo hakuliweza, hata kwa uji. Alilifikiria usiku kucha na asubuhi yake. Taisto alipokuja kwa kahawa alikuwa ameshaamua, ila maneno yalikataa kutoka hadi kikombe cha pili.

"Yale mabaki ya hirvi pale kwenye banda la kikundi chenu, mnayapeleka wapi?"

"Shimoni."

"Yote?"

"Nyama za mbavu zisizokatika vizuri, mishipa, mioyo kama hakuna anayeitaka. Tunafukia."

"Tangu lini?"

"Miaka yote."

"Na hukusema."

"Hukuuliza," alisema Taisto, na masikio yake yakawa mekundu. "Mtu humwambii mjane chukua mabaki. Atadhani unamwona ana njaa."

"Na mjane haombi, wasije wakadhani ana njaa."

"Ndiyo."

"Basi hirvi amezikwa na heshima zetu."

Taisto alitabasamu, jambo lililomchukua muda. "Siwezi kukupa mimi peke yangu," alisema. "Ni mali ya kikundi. Njoo Jumapili tunapogawa. Mapafu usiyaombe lakini, yana minyoo."

Irja hakuwa amekanyaga bandani tangu mazishi ya Onni. Mgao ulikuwa wa wawindaji, na nyumba yake haikuwa tena na mwindaji. Hakuna aliyemwambia asije, ila hakuna aliyemwambia aje. Jumapili alivaa koti la mumewe kwa sababu ndilo lenye joto, akachukua ndoo mbili, akaenda kwa miguu na Halla nyuma yake.

Bandani kulinuka damu baridi na kahawa. Nyama zilikuwa zimepangwa mafungu juu ya meza ndefu. Msimamizi wa kikundi, Marketta, mwanamke mwenye mikono mipana, alimwona Irja mlangoni, akaona ndoo, akainamisha kichwa kidogo kumsalimu. Watu wakasogea ili naye apate mahali pa kusimama. Hakuna aliyeuliza kitu, na Irja hakujua kama hilo lilikuwa jema au baya.

Mgao ulianza kama ulivyofanyika siku zote. Taisto alisimama akiuelekea ukuta, mgongo kwa meza, ili asione. Marketta aligusa fungu moja.

"Hili la nani?"

"La Keijo," alisema Taisto, akiutazama ukuta.

"Hili?"

"La Sinikka."

Hivyo hivyo hadi meza ikabaki tupu, na hapakuwa na wa kulalamika, maana aliyetaja hakuona na aliyeona hakutaja. Irja alihisi ndoo zikizidi uzito ingawa hazina kitu. Alifikiri ataondoka kimya kimya watu wakianza kufunga nyama zao. Ndipo Marketta alipoburuta kutoka kwenye kona beseni la mabaki, akalipandisha mezani kwa kishindo.

"Na hili la nani?"

Taisto hakugeuka. "La Halla."

Keijo, kijana wa miaka hamsini, akajikohoza. "Halla hajabweka msituni msimu huu hata mara moja."

"Na risasi yako haijampata hirvi hata mara moja," Taisto aliuambia ukuta, "na fungu umepata."

Watu walicheka, Keijo naye akacheka, na Marketta akaanza kumimina kwenye ndoo za Irja. Alipofika kwenye moyo alisita, akauliza anayeutaka yuko wapi. Hakuna aliyeutaka. Akautia juu.

Irja alisema asante mara moja, kwa sauti iliyotosha. Ndoo zilimkata vidole njia nzima, akapumzika mara nyingi, na kila alipopumzika Halla aliketi mbele ya ndoo na kuzitazama kwa utulivu wa mwenye mali.

Kuanzia hapo kazi haikupungua, ilibadilika tu. Alichemsha nyama katika sufuria kubwa la maji ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke, akaipoza, akaikata, akaipanga kwenye vikopo na kuigandisha. Alimenya viazi. Saa ya kahawa alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na Halla akaondoka chini ya meza siku ya kumi hivi, amekata tamaa. Krismasi ilipita, vidonda havijafunga. Jouko alikumbusha ile ahadi, kwa upole. Irja akamwambia ahadi ilikuwa yake, naye ameiahirisha.

Mwishoni mwa Januari, asubuhi moja, aliinua mguu wa Halla chini ya taa, akaona ngozi kavu, na juu yake manyoya mafupi kama ya kifaranga. Akainua mguu mwingine. Akazima taa, akaiwasha tena, akatazama upya, maana hakuwa mtu wa kuamini haraka.

Jioni Jouko alipiga simu.

"Vipi mbwa?"

"Pamefunga. Isipokuwa padogo, kwenye kiwiko."

"Kweli? Basi lazima una furaha, mama."

Irja alifikiri. Mgongo ulimuuma, vidole vilinuka mafuta ya hirvi, na kesho Jumapili kulikuwa na ndoo mbili za kwenda kubeba.

"Nimechoka," alisema. "Ngoja kidogo, sufuria inafurika."

Akaweka simu mezani, bila kuikata, akaenda kupunguza moto.