Kiwiko cha Yeudy

Persio alianza kuogopa asubuhi ile alipomwona mwanawe akinyanyua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Yeudy hakuwa mtu wa shoto. Tangu utotoni kila kitu alikifanya kwa mkono wa kulia: kula, kuandika, kutungua matunda kwa mawe, na sasa kurusha ule mpira wa besiboli ambao watu wa mji wao, Nizao, walikuwa wakifunga maduka kwenda kuutazama. Leo mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja lake kama kitu cha kuazima. Alipodhani hakuna anayemtazama, aliukung'uta, vidole vikichezacheza, kama mtu anayekausha maji.

Persio alikujua kukung'uta kule. 

Yeye mwenyewe alikuwa mrushaji zamani, na alikuwa na miaka kumi na tisa siku kiwiko chake kilipotoa mlio. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio mdogo, wa majimaji, kama paja la kuku linapochomolewa kwenye kiungo chake. Mpira ulidondoka miguuni pake, na tangu siku ile mkono haukunyooka tena sawasawa. Sasa alikuwa na kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara, na matairi aliyanyanyua kwa mkono wa kushoto. Habari ya mlio ule hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe Casilda. Casilda alichojua ni kwamba akianza kukata kuku, mumewe hutoka nje.

"Mkono una nini?" Persio aliuliza.

"Hauna kitu, Baba."

"Mbona unanywea wa kushoto?"

"Najifunza." Yeudy akacheka. "Nitarusha kwa yote miwili, wanilipe mara mbili."

Alikuwa na miaka kumi na sita na kicheko kizuri, na Persio alicheka naye. Kisha akatoka, akaenda kukaa kibandani bila kufungua kazi.

Wasaka vipaji wa timu moja ya Marekani walikuwa njiani kuja. Kila mtu alijua wanakuja kwa ajili ya nani. Aliyewaita ni Chago, kocha aliyewalea vijana wa pale uwanjani tangu wakiwa na miaka kumi na miwili, akiwalisha, akiwafundisha, akingojea fungu lake siku watakayosaini mkataba. Chago hakuwa mtu mbaya. Vijana wasio na viatu aliwanunulia viatu. Lakini alijua wageni wanatazama kitu kimoja tu, kasi ya mpira, na kasi hiyo aliitafuta kila siku ya Mungu. Mvua au jua, wavulana walirusha kwa nguvu zao zote, na waliporudi nyumbani walilala na barafu zimefungwa mabegani.

Persio alikwenda kumwona. Alimweleza habari ya kikombe na kule kukung'uta mkono, akamwomba mtoto apumzishwe. Chago alimsikiliza vizuri tu. Akasema hakuna mrushaji asiyeumwa, kuumwa ndiyo kazi yenyewe, na kwamba ile sindano ya juzi ingemtuliza mpaka wageni waondoke. Hivyo ndivyo Persio alivyopata kujua kwamba kuna sindano. 

"Ndugu yangu, mimi nakuheshimu," Chago alisema, akimshika bega. "Lakini niambie ukweli. Ni mkono wa mtoto unaokuuma, au ni wa kwako?"

Neno lile lilimfuata mpaka nyumbani. Wanaume waliokuwa wakicheza dhumna mbele ya duka walikuwa wakimtania siku zote, na mmoja wao akamwita kama kawaida: "Persio! Kijana akishafika Marekani, wewe si utakwenda kuziba pancha za ndege?" Zamani angejibu, wakacheka wote. Siku ile alisikia neno wivu ndani ya kila kicheko, akapita bila kugeuka.

Tena alikuwa na sababu ya kuogopa neno hilo. Kulikuwa na jioni moja, mwaka uliopita, alipousikia mpira wa Yeudy ukichana hewa, akaona mdakaji akirudi nyuma kwa kishindo chake, na kitu kilichompanda kifuani hakikuwa furaha. Kilipita upesi, lakini hakukisahau. Basi sasa angeamini vipi hofu yake? Pengine haikuwa mapenzi ya baba. Pengine ulikuwa wivu uliovaa shati la mapenzi. Angemtoa mtoto mlangoni pa bahati yake, kisha aje agundue kwamba mkono ulikuwa mzima.

Casilda alimtamkia wazi jambo hilohilo. Alisema akimzuia na kumbe mkono hauna kitu, Yeudy atakaa katika nyumba hii akimchukia, na hakutakuwa na njia ya kumthibitishia. Kisha akaifuta mikono yake iliyonuka dawa ya kuchua.

"Nikimchua anauma mdomo," akasema. "Anadhani sioni. Lakini mimi sijui mpira, Persio. Amua wewe."

Hakuamua. Siku zilikwenda, naye kila asubuhi alitaka kuona kikombe kimeshikwa na mkono upi, na kila asubuhi alikuta Yeudy ameshakunywa kahawa yake na kuondoka.

Siku ya majaribio jua lilikuwa kali tangu mapema. Wageni watatu waliketi nyuma ya wavu na vile vifaa vyao vya kupimia kasi, kofia zimewashuka machoni. Chago alianza na wavulana wengine, akimweka Yeudy akiba. Wa kwanza alikuwa Franly, rafiki wa Yeudy tangu chekechea, mjukuu wa Bibi Eneria muuza maharage matamu, kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Franly alirusha muda mrefu, wageni wakaandika kidogo, akashuka akijipepea kwa kofia na kumwambia Persio, "Mzee, nimewapashia kiti tu. Anayekuja ndiye mwenyewe."

Yeudy akapanda kichuguu cha udongo anaposimama mrushaji.

Mipira ya kwanza ilikuwa ya kutisha kwa uzuri. Mgeni mmoja alimwonyesha mwenzake kifaa chake, na watu wakaanza kunong'onezana. Persio alikuwa ameshika waya wa uzio. Hakuutazama mpira hata mara moja. Alitazama kiwiko. Aliona mpira mmoja ukienda juu mno, na mwingine. Aliona Yeudy akigeuka kuwapa wageni mgongo, akaukung'uta mkono, akajipangusia vidole kwenye suruali, akavitazama kama vya mtu mwingine. Akarusha tena. Uso wake ulipoteza rangi.

Persio alijikuta ameshaingia uwanjani. Hakukumbuka kufungua geti. Alisikia Chago akimwita, kisha akimwita kwa sauti ya juu zaidi, na ukimya wa watu ukimshukia mgongoni kama jua.  Alifikiri: kama nimekosea, nimemuua mwanangu.

"Baba, toka," Yeudy alisema bila kufungua meno.

"Nipe mpira."

"Wanatazama, Baba. Nakuomba, toka."

"Vidole unavisikia?"

 Machozi yalikuwa yamemjaa Yeudy, ya hasira au ya maumivu, Persio hakujua. Alinyoosha mkono wake mbovu, akamgusa mwanawe kiwiko kwa ncha za vidole tu, na mtoto akaruka mwili mzima kama aliyeguswa na moto.

"Nipe mpira, mwanangu. Nakusihi."

Yeudy akauachia. Akashuka, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, akaenda kukaa peke yake nyuma ya benchi.

Chago alikuja akitetemeka kwa hasira, lakini mbele ya wageni hakupayuka. Wageni walikuwa wameanza kukusanya vitu vyao. Akaangaza huku na huku, akamwona Franly. "Wewe, panda. Waonyeshe tena, safari hii usibakize kitu." Kisha akamgeukia Persio, kiganja wazi.

Persio alikuwa bado ameushika mpira. Alikuwa amejawa na ahueni kiasi cha kuona kizunguzungu. Mtoto wake ameshuka, mkono wake uko mahali pake. Alijua Franly ameshachoka. Alikuwa amemwona akirusha muda mrefu saa ileile. Alijua, na akauweka mpira katika kiganja cha Chago, akaenda zake ukingoni.

Franly alipanda akitabasamu, maana bahati hii hakuiota. Mpira wa kwanza ulikuwa wa kasi kuliko yote aliyopata kurusha maishani, na wageni wakaketi tena. Wa pili vilevile. Wa tatu ulitoka mkononi mwake ukaruka juu ya wavu, juu ya vichwa vya wageni, ukaangukia barabarani. Persio hakusikia mlio wowote. Alimwona tu Franly amebaki ameinama, mkono ukining'inia, mdomo wazi bila sauti, akiutazama mkono huo kwa mshangao. Kisha sauti ikaja.

Walimpeleka hospitali ya mji wa Baní kwa gari la Persio, pikapu iliyojaa matairi. Bibi Eneria aliletwa mbio kutoka sokoni, akaketi mbele na aproni yake. Persio alipokuwa akiwasha gari, Yeudy alipanda nyuma bila kuambiwa, akampakata rafiki yake, akaushika ule mkono usirukeruke kwenye mashimo. Kupitia dirisha lililovunjika la nyuma Persio aliwasikia. Franly, anayetaniana na kila mtu, alikuwa akirudia jambo moja tu: siwezi kukunja ngumi, Yeudy, tazama, siwezi.

Baadaye akaita, "Mzee Persio. Mkono wako ulipona?"

Persio aliung'ang'ania usukani. Alitaka kusema uongo, na uongo haukumjia.

"Haukupona," alisema. "Lakini wakati wangu hakuna aliyenipeleka popote. Nilifungwa kitambaa nikaambiwa nirudi kesho kurusha. Wewe tunakupeleka."

Bibi Eneria alikuwa akitazama barabara. Walipokaribia mjini alizungumza kwa mara ya kwanza, na hakuwa na ukali wowote.

"Wameniambia ulimtoa wako."

"Nilimtoa, mama."

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Na wangu hukumwona?"

Persio alisimamisha gari mlangoni pa hospitali. Bibi Eneria akashuka, akamfuata mjukuu wake.

Siku zilizofuata, viwiko vyote viwili vilipigwa picha. Kano ya kiwiko cha Franly ilikuwa imekatika kabisa. Ya Yeudy ilikuwa imechanika upande mmoja, na daktari alipoulizwa kama ingekatika siku ile, alisema hajui, na hakuna ajuaye. Pengine mpira uliofuata, pengine mwakani, pengine kamwe. Persio alikuwa ametarajia picha ile imtue mzigo. Haikumtua. Yeudy aliamriwa asiguse mpira miezi mingi, na miezi mingi hakusema na baba yake zaidi ya ndiyo na hapana.

Franly alipasuliwa kiwiko katika mji mkuu mwaka uliofuata. Kila wiki Persio aliwapeleka yeye na bibi yake kwa mazoezi ya mkono, akafunga kibanda, akangojea nje. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemzuia. Franly alirudi kucheza, lakini si kurusha. Alisimama kituo cha kwanza, mahali pasipodai kurusha kwa nguvu, akapiga mpira kwa gongo vizuri tu kwa timu ya mji, na maneno yake mengi yakamrudia. Chago alipata vijana wengine. Kwa muda aliwapumzisha zaidi, kisha wageni wakaja tena.

Siku moja ya kiangazi, wakiwa wanabadilisha tairi la lori pamoja, Yeudy aliuliza bila kuinua kichwa, "Mkono wako ulikuwaje, Baba? Ulipokatika."

Persio alimweleza. Alimweleza habari ya kuku, na ya mpira ulivyodondoka, na jinsi alivyouokota kwa kushoto akidhani atarusha tena. Akamweleza pia habari ya ile jioni na kile kitu kilichompanda kifuani.  Yeudy alisikiliza, akiwa ameshika spana.

"Mimi ningekupiga siku ile," alisema mwishowe. "Nilishakunja ngumi. Vidole ndivyo vilivyokataa."

Kisha wakamaliza tairi.

Yeudy alisaini alipokuwa na miaka kumi na minane, na timu nyingine, ndogo, ambayo daktari wake aliitazama picha ya kiwiko kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Sasa yuko kwenye kambi ya timu hiyo, Boca Chica. Siku anazorusha, Persio hafanyi kazi ya maana. Anaanza pancha moja asubuhi na jioni bado iko mkononi. Simu inapoita, anaiacha iite kidogo kwanza, apate kuvuta pumzi. Mara nyingi mtoto anataka kusema tu kwamba maharage ya kambini hayana chumvi. Persio anamsikiliza mpaka mwisho, anamwuliza wali ukoje, na muda wote huo anaitegea sikio sauti yake, asikie kama kuna kitu mtoto anachokificha.