Jumamosi ya Kwenda Kwale

Kwa miaka ishirini na minne Kache aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili jinsi poromoko la maji linavyoumbika, mwamba mgumu juu na mlaini chini, na mwenyewe hakuwa ameona hata moja. Alizaliwa Majengo, akaolewa Kibokoni, akapata kazi katika shule ya upili hapo hapo kisiwani. Milima aliijua kwa mistari ya kahawia kwenye ramani.

Tangu mtoto wao wa mwisho ahame nyumbani, alikuwa na ombi moja kwa mumewe: Jumamosi moja moja watoke, waende mahali penye msitu na vilima, wale mahamri yao kivulini, warudi. Gari walikuwa nalo, Toyota nyeupe iliyokwisha kuzeeka. Na mumewe, Kombe, alikuwa dereva. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na tisa akimwendesha meneja wa kampuni moja ya mizigo bandarini. Mke wa dereva kukaa kisiwani kama aliyefungwa kamba mguuni, Kache aliona ni kufanyiwa mzaha.

Kombe hakuwahi kukataa, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Alikubali kila mara, akaliosha gari Ijumaa jioni, akavaa shati safi. Safari ya kwanza walifika Changamwe, akasema asikia breki zinalia, akageuza. Kache hakusikia kitu. Safari ya pili walikaa saa nzima kwenye foleni ya feri Likoni, na gari la mbele yao lilipoanza kusogea, Kombe akajitoa kwenye msururu, akasema injini itachemka. Mara ya tatu binamu yake aliugua ghafla, na Jumatatu Kache akamkuta binamu huyo huyo sokoni, mzima, akichagua nyanya. Ya nne iliharibiwa na mvua ambayo haikunyesha.

Sasa barabara ya Dongo Kundu ilikuwa imefunguliwa, na foleni ya feri haikuwa udhuru tena. Wakati wa likizo ya Agosti Kache alipanga waende Kwale, waingie msitu wa Shimba, ateremke kwa miguu mpaka chini ya poromoko lenyewe. Alikuwa amesikia kwamba watu hushuka na askari wa hifadhi, na kwamba ni vizuri kufika mapema. Saa moja asubuhi kikapu kilikuwa tayari, mahamri, mbaazi na chupa ya chai.

Walipoingia garini Kombe akasema atapita Liwatoni mara moja kumwona Gunga, fundi wa mashine za boti, rafiki yake wa zamani. Mara moja hiyo ilikuwa dakika hamsini. Kache alibaki garini na kikapu mapajani, harufu ya samaki na dizeli ikimjia dirishani, akimtazama mumewe akicheka na wanaume wenzake kama mtu asiyekuwa na pa kwenda. Aliporudi hakuwa na samaki wala kipuri. Kache akamuuliza alikuwa amefuata nini. Akajibu kuwa ni salamu tu, hawakuonana siku nyingi.

Kutoka hapo alienda polepole mno. Magari yaliwapita, mengine yakipiga honi. Walipovuka daraja la Makupa na kufika Kibarani, Kombe akawasha taa ya kuashiria, akaingia kando penye nyasi na miti midogo, akazima gari.

"Haya, Mama Masha," akasema. "Upepo huo, maji hayo. Teremsha kikapu."

Kache alitazama nje. Utotoni mwake, hapo ndipo taka za mji mzima zilipochomwa, na moshi wake uliingia darasani mwao Majengo ukawafanya wakohoe. Siku hizi palikuwa pamesafishwa na kupandwa miti, watu walileta watoto wakacheza. Ng'ambo ya maji kreni za bandari zilikuwa zikiinua makontena.

"Hili ni jaa," akasema.

"Lilikuwa jaa. Sasa ni bustani."

"Nimekwambia Kwale tangu mwezi wa sita."

Kombe akasema Kwale kuna jua kali, na msitu ni msitu tu, na mtu anayetaka kupunga hewa hana haja ya kutafuta miti ya mbali. Aliyasema hayo bila kumtazama. Kache alishuka, akazunguka mbele ya gari, akasimama kwenye dirisha la dereva na kunyoosha mkono. Leseni alikuwa nayo mwaka wa tatu, ila gari alikuwa akiachiwa kwenda Tudor kwa dadake na kurudi. Mumewe alikuwa amemwambia daima kwamba barabara ya malori si yake.

"Nipe ufunguo, Baba Masha. Kama hutaki kwenda, shuka. Nitakwenda peke yangu."

Kombe alishika usukani kwa mikono miwili, na gari limezimwa. Kache akadhani amekasirika.

"Sioni," akasema.

"Huoni nini?"

"Malori. Siyaoni mpaka yanifikie. Jicho la kulia ni giza, na hili lingine ni kama kioo kilichopakwa mafuta. Mjini najua kila shimo, naenda kwa mazoea. Nikishapita Changamwe, sijui niko wapi."

Alisema ni mwaka wa pili sasa. Kazini hawakujua, kwa kuwa meneja alikuwa mtu wa kutoka nyumbani Kizingo hadi ofisini na kurudi Kizingo tena, na njia hiyo Kombe aliijua kuliko chumba chake cha kulala.

Kache angependa kusema kwamba alimwonea huruma. Huruma ilikuja, lakini baadaye. Kilichomjia pale ni safari ya Pasaka, Kombe alipokwenda kumchukua binti yao Maisara uwanja wa ndege, akamrudisha nyumbani, binti amepakata mtoto wake mchanga, katikati ya malori yale yale. Alimwambia mumewe ahamie kiti cha pili, na Kombe akahama.

Aliendesha. Changamwe lori la makontena lilimpita karibu hata akahisi gari linavutwa pembeni, na jasho lilimtiririka mgongoni, lakini hakusimama. Kombe alikaa mikono magotini, akitoa maagizo.

"Punguza. Kuna lori."

"Hakuna lori."

"Basi hamia gia ya tatu."

"Nipo gia ya tatu, Kombe." Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu wachumbiane.

Kwenye barabara mpya walipita juu ya mikoko, madaraja marefu, maji ya rangi ya chai yakipindapinda chini. Hapakuwa na pa kuegesha, na yeye macho yote yalikuwa barabarani. Mandhari aliyoingoja miaka yote aliipita kwa mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, akiiona kwa pembeni.

Walifika kwenye lango la hifadhi saa nne na nusu. Askari, mwanamke mpole mwenye sweta la kijani, aliwapa pole. Kundi la siku hiyo la kwenda kwenye poromoko lilikuwa limeshateremka. Ndani wangeweza kuzunguka na gari, lakini njia ilikuwa na utelezi na gari lao lilikuwa chini sana, angewashauri waje siku nyingine mapema. Kache alimshukuru kwa adabu, akageuza gari na kukwama kidogo kwenye kugeuza, akazimikiwa mara mbili.

Akasimama kando ya barabara penye mteremko, mahali palipokuwa wazi. Akashuka. Mbele yake palikuwa na minazi, mabati ya nyumba, na mbali kabisa, mstari wa buluu.

"Waona nini?" Kombe akauliza kutoka garini.

"Bahari," akasema Kache. "Nimekuja mpaka huku kuona bahari."

Kombe alianza kucheka, akaona mkewe hacheki, akanyamaza. Kache alimimina chai, akampa kikombe mkononi, akahakikisha amekishika. Kisha akamwambia kwamba ufunguo wa gari hatauona tena, na kwamba Jumatatu awaambie kazini.

"Wakijua, nimekwisha."

"Waambie wewe, ama niwaambie mimi."

Alingoja ugomvi. Kombe alikula hamri lake lote, akapangusa vidole, akajifunga mkanda warudi.

Jumatatu hakuwaambia. Jumanne vile vile. Jumatano asubuhi Kache alimwekea Kombe viatu mlangoni, wakaenda pamoja kwa daktari wa macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuharibiwa na presha ya jicho, iliyokuwa ikipanda kimya kimya. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na hilo lingefanyiwa upasuaji. Daktari aliuliza kwa nini walichelewa hivyo. Kombe alitazama sakafu, Kache akajibu kwamba hawakujua, na akajichukia kwa kumsitiri.

Alhamisi Kombe aliingia ofisini kwa meneja mwenyewe, akasema. Alirudi nyumbani na barua ya mistari minne, ya kumpumzisha mpaka itakapoamuliwa vingine. Ijumaa nzima alishinda barazani chini ya nyumba, akiitikia salamu za wapita njia, na akipanda juu hakumsemesha mkewe.

Jumamosi Kache alimchukua Beryl, mwalimu mwenzake wa Kiingereza, wakatoka alfajiri. Safari hii alishuka mpaka chini. Poromoko lilikuwa jembamba kuliko alivyolichora ubaoni, lakini sauti yake ilijaa bonde zima, jambo ambalo kitabu hakikusema. Alivua viatu, akasimama majini, Beryl akimpiga picha. Maji yalikuwa baridi na mazuri, na yeye alikuwa bado amekasirika, safari hii asijue na nani.

Aliporudi, Kombe alikuwa jikoni akipasha wali. Hakumuuliza habari za msitu.

"Ule mteremko wa Kwale," akasema, "umeshuka na gia ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Utaunguza breki. Ule ni wa gia ya pili."

Kache akasema breki ni nzima na wote nyuma yake walikuwa wakimpigia honi aongeze mwendo. Kombe akasema honi za watu si breki. Wakabishana hivyo, yeye akivua viatu vyenye matope, mumewe akitafuta kwa mkono kifuniko cha sufuria, mpaka wali ukashika chini.