Tonge la Kwanza la Achari

Daktari Phanindra, daktari wa meno wa mji wa Guntur, India, alijua kuhubiri. Kila mgonjwa aliyeketi kwenye kiti chake aliondoka na hotuba: asidi hulainisha gamba la jino, kwa hiyo ukila kitu kichachu usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa; tumia dawa ya meno inayorudisha madini; tema povu wala usisukutue. Alihubiri vizuri hata akajiona amekwisha kuyatenda.

Kumbe yeye mwenyewe, kila siku saa saba mchana, huchungulia dirishani, akavuka barabara akapiga glasi mbili za soda ya ndimu na chumvi. Kisha hurudi mbio akayasugua meno kwa nguvu zote, mgonjwa wa saa nane asije akamnusa ndimu. Miaka kumi na tisa! Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa anajiroga.

Mei hiyo meno yakadai haki yao. Hata maji ya mtungini yalimchoma. Hakumwambia mtu, angemwambia nani, daktari wa meno mwenzake? Mji mzima ungecheka hadi sikukuu ya Diwali, mwisho wa mwaka.

Siku ya tatu tangu embe zitiwe haradali na pilipili, mama yake, Kanakadurga, alifungua mtungi wa achari. Aliichanganya na wali wa moto na samli, akasokota tonge. Tangu mumewe afariki, tonge la kwanza la achari ya kila mwaka lilikuwa la Phanindra, na mama haonji mpaka mwanawe aseme kama imekolea.

Phanindra alitafuna mara moja tu. Maumivu yakampanda hadi sikioni, chozi likamtoka.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Tamu sana."

"Utamu gani huo wa kukunja uso kama umemeza mdudu?"

Bi Kanakadurga aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. "Mwaka jana nilisema mkono wangu wa mapishi umechoka, wewe ukanidanganya kuwa bado upo. Basi, imetosha. Nakwenda kuimwaga. Mwakani tutanunua dukani, kama watu wasio na mama."

Akaanza kuuburura mtungi kuelekea mlangoni.

Daktari angeweza kunyamaza akabaki na heshima zake. Lakini mkono ule ulimlisha tangu hana hata jino moja. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, acha mtungi. Si mkono wako. Ni meno yangu."

Akamwaga yote: soda, ndimu, mswaki.

"Unapiga mswaki papo hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Baada ya ndimu?"

"Ndiyo."

"Na ile karatasi ya masharti ya meno uliyonibandikia jikoni, kaandika nani?"

"Mimi."

"Yaani wewe! Wewe huyu huyu!"

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaingia chumbani, akarudi na tyubu ya dawa ya kurudisha madini aliyopewa na mwanawe, imekunjwa kutoka chini na kukamuliwa barabara. Miaka sita alikuwa anaifuata karatasi ile mstari kwa mstari, na sasa, na miaka yake sabini na minne, alikuwa bado anamenya muwa kwa meno.

"Sukutua maji, kisha fungua mdomo, baba. Leo ni kidole, mswaki nimeuficha."

Akampaka jino baada ya jino, kama alivyompaka asali utotoni.

"Tema."

Phanindra alitema, kisha kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua maji. Akapigwa kofi mkononi.

"Usisukutue! Na nusu saa hugusi kitu, daktari."

Mama akaketi, akasokota tonge, akalila yeye mwenyewe, akitafuna polepole na macho kayafumba.

"Mkono upo," akasema. "Upo, baba. Nilishauzika ungali hai."

Phanindra alimeza mate yenye mnanaa, akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na saba, na mama alikuwa anasokota tonge la pili.